Tuombe Mbili

Kwetu Kikima, mtu akizikwa, mchungaji husema "Tuombe" mara mbili. Ya kwanza huisema wimbo wa kwaya unapofika mahali panapofanana na mwisho. Watu huinamisha vichwa, wanaume huvua kofia, na hapo hapo kwaya humrukia tena kwa sauti zote nne na kuimba mstari mzima uliobaki. Maskini mchungaji hubaki ameshika Biblia kama abiria aliyeshuka kabla ya kwake. Wimbo ukiisha kweli husema "Tuombe" ya pili, na hiyo ndiyo huombwa. Wachungaji wamekuja na kuhamishwa, kila mmoja akanaswa mara ya kwanza, kisha akazoea. Watoto wetu wamekua wakijua hivyo ndivyo binadamu huzikwa. Binti yangu alienda mazishi ya rafiki yake huko Mutomo akarudi akinung'unika kwamba wale watu walimzika marehemu kwa Tuombe moja tu, kana kwamba walikuwa wamemchoka.

Aliyegundua kwa nini tunaanza kuomba kabla ya wakati ni Nthenya, mke wa Kiema. Habari zake nazisimulia mimi Nduku kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu yeye mwenyewe ukimwacha asimulie ataishia kukuimbia. Nthenya anauza nafaka sokoni, na duka lake limepakana na kinu changu cha kusaga unga. Alizaliwa upande wa Mutomo, kule kukavu kwa mbuzi na ng'ombe, akaolewa huku kwetu milimani. Ndiye kiongozi wa kwaya ya kanisa letu tangu baba mkwe wake, Mwalimu Kitheka, aliposhindwa na magoti. Ni mwanamke mfupi, mwenye haraka, na masikio yake hayana likizo. Nikiwasha kinu asubuhi husikia akipaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta: "Nduku, leo imeshuka kidogo, angalia mkanda." Nami nikiangalia, mkanda umelegea kweli. Anaweza kuwa anampimia mtu ndengu, lori lipige honi barabarani, naye aache kopo hewani na kumuuliza mteja kama amesikia zile sauti mbili za honi zinavyogombana. Wateja wengine huudhika. Mimi nampenda sana Nthenya, ingawa ziko siku natamani kumfungia stoo mpaka jioni.

Kwaya yetu haisomi zile nukta zenye mikia. Tunasoma solfa, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti, zimeandikwa kwa herufi katika mistari minne: soprano juu, kisha alto, kisha tena, ile sauti ya juu ya wanaume, na besi chini kabisa. Solfa Nthenya aliijua tangu kwaya ya shule. Lakini haikumtosha kujua kila sauti inaimba nini. Alitaka kujua kwa nini sauti nne zikikutana mahali fulani mwili unasisimka, na zikikutana mahali pengine unatulia. Akaanza kusikiliza masomo kwenye simu huku akichambua maharagwe, na kila alichojifunza alinimwagia mimi kupitia ule ukuta, nitake nisitake.

Ndiyo maana hata mimi mwenye kinu najua mambo ya nyumba. Nyumba ni jina lake yeye. Sauti nne zikisimama pamoja kwa pumzi moja, anasema wameingia nyumba. Nyumba ya do wanakaa do, mi na so. Nyumba ya so wanakaa so, ti na re. Nyumba ya la wanakaa la, do na mi. Kwa kuwa waimbaji ni wanne na majina ni matatu, jina moja hurudiwa. Wimbo ni safari ya kuhama nyumba hadi nyumba, na pale wimbo unapotua huitwa kituo. Kituo ambacho kila mtu aliyelelewa kanisani anakijua hata usingizini ni kile cha kutoka nyumba ya so kurudi nyumba ya do. Ukisikia hicho, unajua umefika kwako na unaweza kuvua viatu.

Basi mwaka huu yakatangazwa mashindano ya kwaya huko mjini Wote, na wimbo wa lazima ukawa ni ule ule wetu wa mazishi. Ni wimbo wa kale wa Wazungu, uliotafsiriwa zamani, na maneno yake ya mwisho yanarudiwa mara mbili: tutapumzika, tutapumzika. Tulishangilia mpaka mchungaji akatoka nje kuangalia. Kwaya nyingine zingeanza kujifunza herufi kwa herufi, na sisi wimbo huo tulikuwa nao damuni, kwa sababu Mwalimu Kitheka aliufundisha kizazi hadi kizazi, hapa Kikima na kila shule aliyowahi kupelekwa.

Karatasi zikaja. Wengine wetu hata hatukuzifungua, maana nani husoma njia ya kwenda kwake? Nthenya akazifungua, na usiku huo huo akanipigia simu.

"Nduku, ile tutapumzika ya kwanza, besi ya Kiema inaimba nini?"

"Do. Si tunajua ni do."

"Karatasi inasema la."

Nikamwambia karatasi hukosea. Sikuwa natania. Karatasi zile zilijaa makosa ya kupiga chapa, ukurasa mmoja ulikuwa umechapwa juu chini, na mahali pengine alto tulikuwa tumepewa maneno ya ubeti mwingine. Hata nakala ya zamani ya Mwalimu Kitheka, kila mtu anajua hadithi yake: ilikuwa na la mahali hapo, naye akaikata kwa kalamu na kuandika do, akisema mpiga chapa alikuwa amesinzia, kwa sababu wimbo ukishafika so lazima urudi do, kama mbuzi lazima arudi boma. Vizazi vyote tuliimba hiyo do ya Mwalimu.

Hapo ndipo shida ya Nthenya ilipoanza, na naomba uielewe vizuri. Mwalimu Kitheka ni baba mkwe wake. Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima ya ukwe. Mke wa mtoto hamsahihishi baba mkwe, hamkatizi, hata kukaa karibu naye hakai ovyo. Kuliko kumwambia mzee mbele ya watu kwamba wimbo aliowafundisha watu maisha yake yote una kosa, na kosa ni lake, ni afadhali Nthenya ahame mji. Na anayeongoza besi ni Kiema, mtoto wa mzee huyo, ambaye kifua chake kikinyamaza kwaya yetu inabaki kama chungu kisicho na mafiga. Kwa upande mwingine, Nthenya hawezi kusimama mbele ya watu akaongoza kitu ambacho masikio yake yanakikataa. Ama angemuudhi mume na mkwe, ama angejiudhi mwenyewe kila mazishi mpaka yake.

Lakini kwanza ilikuwa lazima ajue. Karatasi inasema la, mzee anasema do, na wote wawili huweza kukosea. Nani aamue?

Naomba niseme kwamba njia ilianzia kwangu, kwa sababu sifa ni chache katika maisha ya alto. Nilikuwa nimekuja kununua kunde, nikamlalamikia jambo ambalo limenikera tangu nikiwa msichana.

"Hapo kwa hiyo tutapumzika ya kwanza mimi huwa naskia vibaya. Soprano wanaenda do, Kiema anaenda do, na sisi alto pia mnatupeleka do. Sote tunarundikana do kama watu wa chakula ya relief. Tutapumzika ya mwisho ndio mnatupea mi, angalau naskika."

Nthenya aliacha kufunga kunde zangu. "Rudia."

Nikarudia. Akaenda nyuma, akaleta uteo, ule wa kupepetea, akauweka juu ya gunia na kuanza kuchota nafaka kwenye madebe yake. Ndengu ikawa do. Punje ya mahindi ikawa mi. Mbaazi ikawa so, kunde ikawa la, haragwe likawa ti, mtama ukawa re, na hivyo hivyo mpaka kila jina likapata chakula chake. Kisha akaanza kuupanga wimbo wote juu ya uteo, kila nyumba na kifungu chake kidogo cha punje nne, moja kwa kila sauti. Mteja akaja kuuliza bei ya mtama, Nthenya akamwambia hakuna mtama, na alikuwa ameukalia.

Ilikuwa raha kuangalia. Nyumba zilikuwa zinajitokeza zenyewe, kila moja na rangi zake. Ukiona mbaazi na haragwe unajua hii ni ya so. Ukiona ndengu, mahindi na mbaazi unajua tuko kwa do. Hakukuwa na kifungu hata kimoja ambacho punje tatu zilikuwa za aina moja. Nthenya alikuwa anapanga na kuimba, mashavu yamemjaa, mpaka tukafika ile tutapumzika ya kwanza. Nyumba ya so: mbaazi mbili, mtama mmoja, haragwe moja. Halafu tunapotua: soprano ndengu. Alto ndengu. Tena punje ya mahindi. Besi ya Mwalimu, ndengu.

Ndengu tatu na mahindi moja.

"Hii ni chakula gani?" Nthenya akauliza kwa sauti ndogo. "Hata isyo ya jela, hiyo mahindi na maharagwe, iko na mchanganyo."

"Labda huyo Mzungu alikuwa amechoka," nikasema.

"Angalia mwisho basi." Akapanga kituo cha mwisho wa wimbo kando yake: ndengu mbili, mahindi, mbaazi. Nyumba ya do imekamilika, hakuna anayelala nje. "Anajua kujenga nyumba ya do vizuri hivi. Huku anapeleka alto kwa mi, tena anabaki kwa so. Sasa hapa kwa ya kwanza kwa nini aharibu? Kwa nini awafukuze so wote, awarundike do?" Akaokota ndengu ya besi kwa ncha ya vidole, akaweka kunde mahali pake. "Ona."

Nikaona. Kunde, mahindi, ndengu mbili. Nyumba ya la, safi kabisa, kama nyingine zilizotangulia. Nywele zilinisimama mikononi, na mimi si mtu wa kusisimka kwa kunde.

"Hakuwa anatupeleka nyumbani," Nthenya alisema, sasa amesimama, anatembea katikati ya magunia. "Soprano anafika kabisa mlangoni, ti, do. Kila mtu anafikiria tumeingia. Halafu besi chini yake anahamisha nyumba! Anapanda la. Tumeingia kwa jirani, Nduku! Hii ni kituo ya danganya toto. Halafu kutoka hapo, la, fa, so, ndio sasa do. Ndio maana maneno iko mara mbili. Ya kwanza tunatamani tu. Ya pili ndio tunafika."

Nikamkumbuka mchungaji na Biblia yake. "Ndio maana anasema Tuombe."

Tulitazamana. Nthenya aliketi kwenye gunia la mbaazi akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka, na mteja wa mtama akarudi akatukuta hivyo, akaenda kununua kwingine.

Nthenya hakutaka kuamini uteo peke yake. Alitaka sikio ambalo halikulelewa na do ya Mwalimu, na katika soko letu sikio hilo lilikuwa la Fahad, jirani yetu wa misumari na nondo. Fahad ni Mwislamu, familia yao ilitoka pwani ikakaa Kitui mjini miaka mingi, na mazishi yao hayana kwaya. Jioni hiyo wanakwaya walipokuja dukani kwa mazoezi, Nthenya akamwita, akamkalisha kwenye debe na kumpa kazi moja: ainue mkono wimbo ukiisha.

Tukaimba kwa do. Fahad akainua mkono kwenye tutapumzika ya kwanza, na sisi tukaendelea kuimba, akaushusha taratibu, ameona haya.

"Samahani, nilidhani mwamaliza."

"Hukukosea," Nthenya akamwambia, na akamgeukia mumewe. "Baba Nzilani, sasa hapo uende la. Mara moja tu. Si wimbo, ni majaribio."

Kiema ni fundi wa kuchomelea, mkubwa wa mwili, mpole mpaka umguse baba yake. Alikuwa ameshaonyeshwa uteo, akautazama kama polisi anavyotazama leseni. Alikubali kwa sababu mkewe alimwomba mbele ya watu. Tukaimba. Tulipofika pale, besi zikapanda la, na mimi niliye alto, niliyeimba do ile ile ya siku zote, nikasikia do yangu imegeuka kitu kingine mdomoni. Nilikuwa naisikia. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nasikika. Tukavuka, tukafika mwisho, na mkono wa Fahad ukapanda mahali pake hasa.

"Lakini pale kati mliniacha njiani," akasema. "Nilitaka kuwauliza, mbona hamnifikishi? Kisha mkanifikisha. Vizuri sana jamani. Imbeni tena."

Watu wote walianza kuongea pamoja. Kiema peke yake alikuwa anafuta mikono kwenye suruali.

"Nimeskia," akasema mwishowe. "Si ati sijaskia. Inateleza hivi, halafu inakushika. Ni tamu. Lakini baba anakuja Wote. Amesema atakaa mbele. Unataka nisimame pale mbele yake, mimi kijana yake, nimwambie na mdomo wangu alikosea?"

"Sitaki umwambie kitu. Nataka uimbe."

"Si ni hiyo hiyo tu, mama Nzilani. Chagua. Ukitaka la, tafuta besi ingine."

Besi nyingine hakukuwa. Wale wawili wanaosimama naye huimba anachoimba yeye, na akikohoa hukohoa. Nthenya akarudi kwenye uteo. Alikusanya punje za uteo akazirudisha kwenye madebe, kila moja kwake, na nilimwona amebakisha kile kifungu kimoja cha kunde, mahindi na ndengu mbili. Uteo huo akauweka juu ya rafu. Mazoezi yaliyofuata tuliimba do. Aliongoza vizuri, lakini kila tulipofika pale alifumba macho, na mimi roho iliniuma kwa ajili yake.

Siku ya Wote tulisafiri kwa Kanta, lori dogo la Fahad, aliyefunga duka akisema hawezi kukosa pale pa kuachwa njiani, ingawa tulimwambia tumerudi do. Mwalimu Kitheka alipanda mbele na fimbo yake. Fimbo hiyo ina kazi yake katika wimbo huu. Kila unapoimbwa popote, yeye hukaa ameegemeza mikono juu ya fimbo, na kwenye ile do yake huiinua na kugonga sakafu mara moja, ko. Ni sahihi yake. Sisi tuliokua chini yake tuliisikia ile ko hata alipokuwa hayupo.

Ukumbi ulijaa. Kabla yetu iliimba kwaya kutoka Kambu, kule barabara kuu, na kiongozi wao alikuwa mama mmoja ambaye utotoni alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu. Walikuwa wazuri, wamevaa mavazi ya kijani. Walipofika tutapumzika ya kwanza, besi zao zikarudi do. Ya Mwalimu. Nikasikia ko ya fimbo upande wa mbele. Na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mama wa Kambu akainua mkono kuwazuia. Makofi yakafa vibaya, moja moja, kwaya ikajaribu kuendelea juu yake, na mtu nyuma akacheka. Kisha wakacheka wengi. Haikuwa kicheko cha ubaya, ni kile cha watu walionaswa, lakini kilikuwa kicheko, katikati ya wimbo wa kuzikia watu. Nikamtazama Mwalimu Kitheka. Mzee alikuwa amegeuza kichwa kuangalia wanaocheka, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Huko Kikima hakuna aliyewahi kucheka. Kwetu tulikuwa tunasubiri tu Tuombe ya pili.

Kiema naye alikuwa anamtazama baba yake. Alikuwa amesimama nyuma yangu mlangoni, na nilisikia pumzi yake imebadilika.

Tukaitwa. Tukapanga mistari. Nthenya akatupa sauti zetu, akainua mikono, na tukaanza. Nimeimba wimbo huo juu ya makaburi mengi, ya mama yangu mmojawapo, lakini siku hiyo nilikuwa naona nyumba zake zote zikipita na rangi zake, na moyo ulinipiga kwa nguvu mpaka nikaogopa utasikika katikati ya alto. Tukakaribia. Nyumba ya so. Mbaazi mbili, mtama, haragwe. Nthenya hakufumba macho. Alimtazama mumewe, hakumwonyesha ishara yoyote, mkono wake ulikuwa wazi tu, kama wa mtu anayepokea chochote atakachopewa. Mbele, fimbo ya Mwalimu ikainuka.

Kiema akapanda la.

Aliiimba kwa kifua chote, na wale wawili wake wakamfuata bila hata kupepesa. Ukumbi ulishtuka, nilisikia ule mshtuko, pumzi za watu wengi zikivutwa pamoja. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyesogea. Fimbo ya Mwalimu Kitheka ilibaki hewani. Haikuwa na mahali pa kushukia. Tuliimba mstari wote uliobaki na fimbo iko hewani, macho yake yamemkazia mtoto wake, na Kiema anaimba huku machozi yanamtiririka bila kuyafuta. La, fa, so. Na tulipotua do ya mwisho, nyumba imekamilika, hakuna aliyelala nje, fimbo ikashuka ikagonga sakafu ya Wote.

Ko.

Ndipo makofi yakaja, na Fahad huko nyuma nilimsikia akipiga mluzi kama yuko uwanjani. Tulikuwa wa pili. Wa kwanza walikuwa na mwimbaji wa tena ambaye hata mimi nisingemnyima kitu. Sikujali, na Nthenya hakujali zaidi yangu, maana alikuwa anamkumbatia Kiema mbele ya watu wazima bila haya yoyote.

Safari ya kurudi mzee alipanda mbele, na Kiema akakaa nyuma kabisa. Nthenya aliniambia usiku kwamba amefurahi mpaka hawezi kulala, na kwamba kesho pengine atafukuzwa.

Kesho yake nilikuwa namimina mahindi kwenye kinu nilipomwona Mwalimu Kitheka anakuja, pole pole, kwa magoti yale. Nikazima mashine, sikutaka kupitwa. Hakuingia dukani kwa mke wa mtoto wake. Alisimama nje ya mlango, ameangalia barabarani, na Nthenya ndani akasimama nyuma ya mizani, ameangalia chini, kama nthoni inavyotaka.

"Kiema ameniambia kuna uteo," mzee akasema.

"Uko, Baba."

"Lete niuone."

Nthenya akauchukua kwenye rafu, akanipa mimi, nami nikampelekea. Mzee akauinamia. Aligusa ile kunde kwa kidole, akaisogeza kidogo, akairudisha.

"Siku yangu ikifika," akasema, bado ameangalia barabarani, "mwambieni mchungaji nataka Tuombe moja."

"Siku hiyo iko mbali, Baba."

"Iwe mbali ama iwe karibu, ni moja." Akakohoa. Nilidhani amemaliza, na Nthenya pia alidhani, maana aliinua uso. Lakini mzee hakuondoka. Akageuka, akamtazama mke wa mtoto wake machoni, jambo ambalo sijawahi kuliona akilifanya. "Na kwingine? Nimekata wapi tena?"

Nthenya alinitazama mimi, akautazama ukuta, akamtazama tena baba mkwe wake.

"Baba, ubeti wa pili," akasema. "Kuna mahali kwa sauti ya tena." Na tayari alikuwa ameanza kuchota ndengu.